Usiku wa Bure Nyikani Unagharimu Nini

Julai iliyopita hoteli ndogo ya kando ya barabara mjini Wall, South Dakota, ilinitajia dola 168 kwa chumba kimoja, usiku mmoja, kodi ikiwa ndani. Uwanja wa kambi wa mtu binafsi, wenye bafu la maji moto na umeme, walitaka dola 48. Na mwendo wa robo saa hivi kusini mwa mji huohuo, kabla hujafika lango la Pinnacles la Hifadhi ya Taifa ya Badlands, kuna ukingo wa nyasi unaotazama makorongo, ambako unaegesha gari, unasimamisha hema na kulala bila kulipa hata senti. Hakuna kitabu cha wageni. Hakuna wa kukuuliza ulikotoka. Hiyo ni ardhi ya umma, sehemu ya nyika ya taifa iitwayo Buffalo Gap, karibu ekari 600,000 zilizo chini ya Idara ya Misitu ya Marekani, na masharti yake kwa mpiga kambi ni machache: usizidi siku 14, na ukiondoka ondoka na taka zako.

Tunaishi Sioux Falls, watu watano: mimi, mume wangu, watoto wawili na mama mkwe. Waswahili wa hapa ni wengi siku hizi, hasa waliotoka Kongo na Burundi kupitia makambi ya Tanzania, na wengi wetu kazi ni za kusimama kutwa nzima kwenye viwanda vya nyama na maghala. Likizo ya kiangazi ikifika tunawaambia watoto kwamba kutembea ni ghali. Nimeyapiga mahesabu haya miaka mitatu sasa, na nimegundua kwamba tulikuwa tukilinganisha visivyolingana. Tuliangalia bei ya kulala tu. Lakini hoteli haikuuzii kitanda peke yake. Inakuuzia maji, ukuta wa kuzuia upepo, choo, na barabara ya lami hadi mlangoni. Ukienda pa bure, hivyo vyote unavibeba mwenyewe, na bei yake halisi ndiyo ya kulinganisha.

Aliyekataa mwanzoni ni mama mkwe. Alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Fizi mwaka 1996, vita vilipopamba moto, akaishi kambi ya Nyarugusu miaka 17. Nilipotandaza hema jipya sebuleni ili watoto walione, alilitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, “Mwanangu, mimi turubai nimelilalia nimelimaliza. Sasa mnataka nikalilalie kwa hiari?” Sikuwa na jibu. Neno kambi kwetu lina uzito ambao wauza mahema wa hapa hawaujui, na ukiwa na mzee wa namna hiyo nyumbani, usimlazimishe. Tulimwacha aamue. Aliamua kuja, akasema atalala garini.

Kabla ya kufika kwenye gharama, yafaa kujua nyika hizi zilipatikanaje, maana inahusiana na mahali utakapoweka hema. Miaka ya 1930 ukame na dhoruba za vumbi viliangamiza mashamba ya uwanda huu. Watu walikuwa wamelima ardhi ambayo haikufaa kulimwa, udongo ukapeperuka, wakaondoka. Serikali ilinunua mashamba yaliyoshindikana, sheria ya mwaka 1937 ikiipa nguvu zaidi, na mwaka 1960 ardhi hizo zikatangazwa rasmi kuwa nyika za taifa. Leo ziko 20, jumla yake karibu ekari milioni nne. Kwa kuwa zilinunuliwa shamba moja moja kwa waliokubali kuuza, hazikushikana. Kipande cha umma, kipande cha mfugaji, tena cha umma, kama ubao wa drafti. Nyasi ni zilezile, waya ni uleule. Kwa hiyo ramani ni ya lazima. Idara ya Misitu inatoa bure ramani ya njia zinazoruhusiwa magari, na pale Wall wana kituo cha wageni cha nyika za taifa. Ulizia hapo hapo kuhusu moto, kwa sababu katika nyasi kavu moto wa kuni mara nyingi hauruhusiwi kabisa. Ukikuta lango la waya limefungwa, pita ulifunge. Ukilikuta wazi, liache wazi, kwani ng’ombe wa watu wanalishwa humo kwa kibali.

Gharama ya kwanza ni maji. Huko hakuna bomba, hakuna kisima, na vijito vya Badlands vimejaa udongo mweupe laini unaoziba chujio lolote. Mtu mmoja anahitaji si chini ya galoni moja kwa siku, karibu lita nne, ya kunywa na kupikia, na jua la Julai linaweza kumfanya anywe zaidi. Watu watano kwa siku tatu ni galoni 15, yaani lita 57, yaani kilo 57 za kubeba. Nilinunua madumu mawili ya galoni saba yenye bomba, dola 22 kila moja. Galoni iliyobaki ilikaa kwenye chupa za watoto. Nunua dumu gumu la mraba lenye bomba chini, usinunue mifuko laini inayokunjwa. Wetu ulitoboka kwenye kona siku ya pili, na galoni tatu zikamezwa na udongo mbele ya macho yetu. Maji yenyewe yanapatikana bure mjini. Duka maarufu la Wall Drug lilijipatia jina tangu mwaka 1936 kwa kuwapa wasafiri maji ya barafu bila malipo, na mpaka leo linawapa.

Kisha upepo. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo pesa zetu nyingi zilipotea.

Hema la kwanza nililinunua dola 79. Lilikuwa refu, mtu mzima anasimama ndani wima, madirisha makubwa, fito za faiba. Kwenye bustani ya mjini ni hema zuri kabisa. Ule ukingo wa Buffalo Gap hauna mti hata mmoja. Saa nane usiku upepo ulitoka magharibi, haukuja kwa kupuliza na kuacha, ulikuja mzima mzima kama mtu anayesukuma mlango kwa bega. Fito ya kati ilipasuka kwa urefu, nyuzi za faiba zikachomoza kama miiba ya samaki na kutoboa kitambaa. Vigingi vilivyokuja na hema, vyembamba kama waya wa kuning’inizia nguo, vilichomoka vinne kwa mpigo. Watoto wakaanza kulia.

Mama mkwe alitoka garini akiwa amejifunga kitenge kichwani. Hakupandisha sauti. Aliwaingiza watoto ndani ya gari, akaniambia nilale juu ya hema niliangushe chini badala ya kulipigania lisimame, kisha akabeba dumu moja la maji, mume wangu akabeba jingine, wakayaweka juu ya kitambaa kwenye pembe mbili za upande wa upepo. Kulipokucha hema lilikuwa palepale, limepasuka lakini halikwenda popote. Akatuonyesha tulichokosea. Mlango tulikuwa tumeuelekeza magharibi, na kamba za pembeni hatukuzifunga, tulidhani ni za siku ya mvua tu. Hema, alisema, linatazamishwa mgongo upepo unakotoka, kamba za upande huo zinafungwa kwanza kabla hujanyanyua fito, na kigingi kinapigwa kikiinamia mbali na hema, si wima, halafu kinawekewa jiwe. Pale mawe ni haba, basi kigingi kiwe kirefu.

Hema la pili lilitugharimu dola 240. Ni fupi, unaingia kwa kuinama, fito zake ni za alumini, na lina kamba pande zote. Vigingi 12 vya chuma vyenye urefu wa futi moja, dola 26. Safari iliyofuata upepo ulikuwa uleule na tulilala. Ukiniuliza mahali pa kutumia pesa katika safari ya aina hii, ni hapo: fito na vigingi. Mito ya kupuliza, meza ya kukunja, taa za kuning’iniza, hayo yanaweza kusubiri, na blanketi za nyumbani zinatosha kuanzia Juni hadi katikati ya Septemba ukibeba moja ya ziada kwa kila mtu. Jiko la gesi la dola 45 lenye kuta tatu za bati linastahili bei yake pia. Tulijaribu kusonga ugali kwa jiko dogo lililo wazi, moto ukawa unalala ubavu, sufuria ikapata joto upande mmoja tu, na mtungi wa gesi ukaisha kabla ya mboga. Siku hizi tunapika nyuma ya gari, upande uliokingwa, na mtungi unatosha siku mbili.

Choo ni jambo la kusema bila kuficha. Ama uchimbe shimo la sentimita 15 hadi 20, mita 60 kutoka kwenye maji yoyote, na uondoke na karatasi zako, ama ubebe ndoo yenye kiti na mifuko ya kufungia. Ukingo ule unapokea watu wengi wakati wa kiangazi na mashimo yamekuwa kero, kwa hiyo sisi tunabeba ndoo, dola 25. Pauro dola 15.

Na tope. Udongo wa kule ni mfinyanzi ambao wenyeji wanauita gumbo. Ukikauka ni mgumu kama sakafu. Ukilowa, dakika 20 tu za mvua, unashika tairi, unajaa kati ya tairi na bodi mpaka gurudumu haligeuki. Gari la magurudumu manne yanayovuta haliponi pia. Nilipiga simu kuulizia bei ya kuvutwa kutoka ndani ya nyika, nikatajiwa dola 350 kabla ya kuhesabu maili. Hiyo ni zaidi ya usiku mbili za hoteli ile. Dawa yake haina gharama ila subira: usiweke kambi mbali na barabara ya changarawe ikiwa utabiri una mvua, na ikinyesha usiku, lala. Ngoja jua lipande. Mara nyingi kufikia alasiri njia imekauka. Kwa hiyo weka siku moja ya akiba kati ya siku ya kurudi na siku ya kazi. Kwa wanaofanya kazi za zamu hilo ni gharama kweli, na halionekani kwenye risiti.

Kwa familia inayoanza, ningependekeza kwanza mahali pa katikati: kambi ya Sage Creek, ndani ya Badlands yenyewe. Kulala ni bure, hakuna kuweka nafasi, anayewahi ndiye anayepata. Kuna vyoo vya shimo vinavyotunzwa, hakuna maji, na moto wa kuni hauruhusiwi. Unalipa kiingilio cha hifadhi tu, dola 30 kwa gari kwa siku saba. Iko chini kwenye bonde, upepo unapungua kidogo. Nyati wa Marekani wanapita katikati ya mahema asubuhi wakikata nyasi kwa sauti unayoisikia ukiwa umelala. Ni wakubwa, wanakimbia kuliko binadamu yeyote, na sisi tunakaa mita 100 au zaidi. Watoto wasikaribie pia mashimo ya vile viumbe vidogo jamii ya kindi vinavyosimama wima na kulia. Viroboto wao wanaweza kubeba tauni, na mwaka 2008 tauni iliingia bonde la Conata lililo jirani. Vaeni viatu vya kufunika, maana nyoka wa mkia wenye njuga wapo.

Kama mna mzee wa miaka 62 au zaidi, ambaye ni raia au mkazi wa kudumu, sikilizeni hili. Kuna kadi ya wazee, dola 20 kwa mwaka au dola 80 kwa maisha yake yote. Inaingiza gari zima katika hifadhi za taifa, na kwenye kambi nyingi za serikali kuu zinazotoza, inakata bei kwa nusu. Mwenye ulemavu wa kudumu anapewa ya kwake bure. Familia kadhaa ninazozijua zimelipa kiingilio mara kwa mara huku bibi ameketi kiti cha nyuma na haki hiyo mkononi, hakuna aliyewaambia. Mama mkwe alichukua ya maisha.

Sasa maziwa. Kama ulikulia kando ya maji kama mimi niliyezaliwa Ujiji, nyika tupu itakuchosha macho siku ya tatu. Karibu zaidi nasi, maili kama 225, ni mji wa Pierre. Nyika ya taifa ya Fort Pierre, ekari 116,000, ina malambo madogo yenye samaki, na kulala ni bure kwa utaratibu uleule. Leseni ya kuvua unanunua. Upande wa pili kuna Ziwa Oahe, bwawa la Mto Missouri lenye urefu wa maili 231. Hapo pwani zina wenyewe tofauti: jimbo, kikosi cha wahandisi cha jeshi la Marekani, na makabila ya Walakota. Sehemu za jimbo zinatoza kwa gari na kwa usiku. Ardhi ya kabila unaomba ruhusa kwa kabila. Kwa kutazama tu huwezi kujua uko kwa nani, na kukosea hapo si jambo la faini peke yake. Bwawa lile, lililozinduliwa na Rais Kennedy mwaka 1962, lilizamisha maelfu kwa maelfu ya ekari za ardhi ya makabila ya Standing Rock na Cheyenne River, mabonde yenye miti, mashamba na nyumba. Nilimsimulia mama mkwe tukiwa tumekaa kando ya maji. Aliuliza jambo moja: “Walihamia wapi?” Nikamwambia walipandishwa juu, kwenye upepo. Akatikisa kichwa, akachukua kokoto, hakuirusha, aliishika tu.

Ziwa la utulivu wa kweli kwa bei ya sifuri, kwa maoni yangu, linapatikana Minnesota, katika Msitu wa Taifa wa Superior kuzunguka mji wa Ely. Huko kuna kambi ndogo za msituni zisizotozwa na zisizowekewa nafasi, nyingi kando ya ziwa, zenye mahali pa moto na choo cha shimo. Maji yako mbele yako. Unayachemsha au unayapitisha kwenye chujio la dola 40, na zile kilo 57 umezisahau. Upepo unavunjwa na misonobari. Lakini kutoka Sioux Falls ni karibu maili 480 kwenda peke yake, na Juni mbu ni wengi mno. Agosti mwishoni wamepungua. Kuni nunua hukohuko, usibebe za nyumbani, maana wadudu waharibifu wa miti husafiri ndani yake. Maji ya ziwa yakiwa na rangi ya kijani kama rangi iliyomwagika, watoto wasiingie.

Ndani zaidi ya msitu huohuo ni Boundary Waters, eneo la mitumbwi, maziwa zaidi ya 1,000, injini zikiwa zimekatazwa sehemu kubwa. Kibali ni dola 16 kwa mtu mzima na 8 kwa mtoto, kwa safari nzima wala si kwa usiku, pamoja na dola 6 za kuweka nafasi. Kwetu, bila kadi ya wazee, ingekuwa dola 70. Wengi wanaogopa neno kibali, ila bei kubwa si hiyo. Ni mitumbwi. Nilitajiwa dola 45 kwa siku kwa mmoja, na watu watano wenye mizigo wanahitaji miwili: dola 270 kwa siku tatu. Kwa familia yenye watoto wasiojua kuogelea, sioni haja. Maji yale yale, ukimya uleule, unaupata kwenye kambi za bure unazofikia kwa gari.

Basi tuweke pamoja, usiku tatu, watu watano, bila chakula. Gari letu linakwenda maili 22 kwa galoni, petroli niliinunua dola 3.20. Hoteli ya Wall, pamoja na mafuta, dola 591. Uwanja wa binafsi, dola 231. Sage Creek, kwa kuwa tunazunguka zaidi kwa gari, dola 132 bila kadi. Ukingo wa Buffalo Gap, dola 102, mafuta matupu kwa mizunguko ileile. Ziwa la bure karibu na Ely, dola 140. Boundary Waters, dola 480.

Watu huongeza bei ya hema kwenye safu ya pa bure peke yake, na hapo ndipo wanapokosea. Hema unalihitaji pia kwenye uwanja wa dola 48. Vya ziada vinavyodaiwa na pa bure ni madumu, pauro na ndoo: kwetu dola 84. Vimejilipa usiku wa pili. Kuanzia hapo kila usiku ni karibu dola 43 zilizobaki mfukoni, ilimradi usikwame kwenye tope. Lakini kama mna mtoto mchanga, au mgonjwa anayehitaji dawa ya kukaa kwenye baridi, lipeni dola 48 na bafu lake bila kujuta. Mtandao wa simu nyikani unakatika, na hospitali si jirani.

Mwaka huu tumeshakubaliana na jirani zetu, familia ya Kirundi yenye gari kubwa, tugawane mafuta hadi Ely wiki ya mwisho ya Agosti. Mama mkwe ndiye aliyechagua ziwa. Chandarua ameshakishona kwenye fremu ya waya ili kiingie ndani ya hema, na ameagiza kamba za ziada, mita 20, za manila badala ya nailoni, kwa sababu anasema za nailoni fundo lake linafunguka usiku.